Maswali ya Wasomaji: Mdudu Asiye na Jina

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na sehemu kubwa zinahusu wadudu, pengine kwa sababu mvua zimenyesha na taa za barazani zimejaa wageni. Nimechagua nne.

*Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Muheza. Nikipalilia iliki nyuma ya nyumba niliona juu ya jani mdudu ambaye sijapata kumwona tangu nizaliwe: mwembamba, urefu kama pingili mbili za kidole, rangi ya jani kavu, vipapasio virefu kuliko mwili, na mabawa yasiyofika nusu ya mgongo. Wazee hawamjui jina, na kwenye simu sikupata picha inayofanana naye. Je, inawezekana ni spishi mpya? Na kama ni mpya, naweza kumpa jina la marehemu mama yangu?*
— Mwalimu, Muheza

Marahaba, Mwalimu. Maelezo yako ni bora kuliko picha nyingi ninazotumiwa, kwa hiyo nitaanza nayo. Vipapasio virefu kuliko mwili ni alama ya ukoo wa senene na nyenje, kwani panzi wa kawaida vipapasio vyao ni vifupi. Mabawa mafupi yanaweza kuwa na maana mbili. Ama mdudu wako ni mchanga, hajajibambua ngozi kwa mara ya mwisho, na hayo uliyoyaona ni machipukizi tu ya mabawa. Ama amekwisha kukomaa lakini ni wa jamii isiyoruka, na jamii za namna hiyo ni nyingi katika misitu ya Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki, ambako kila mlima umejitenga na mwenzake kwa muda mrefu sana na wadudu wasioweza kuruka wamebaki kila mmoja na kilele chake. Ukimpata tena, mtazame mwisho wa tumbo. Jike aliyekomaa ana kifaa cha kutagia mayai chenye umbo la jambia, na aliye mchanga kifaa hicho huwa kifupi au hakipo kabisa. Akiwa mchanga, hata bingwa wa fani hii anaweza kushindwa kukutajia spishi yake, kwa kuwa alama zinazotenganisha ndugu na ndugu hujitokeza kwa wakubwa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Inawezekana kabisa ukawa umemwona mdudu asiye na jina, kwa sababu hadi leo wataalamu wameeleza takriban spishi milioni 1 za wadudu, na makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kwamba zilizopo duniani ni karibu milioni 5 na nusu. Lakini kutomjua mdudu ni jambo moja, na mdudu kuwa mpya ni jambo jingine, na kutoka la kwanza hadi la pili kuna safari ndefu. Upya hauonekani kwa macho. Ni hoja, na mwenye hoja ndiye anayetakiwa kuithibitisha, yaani aonyeshe kwamba miongoni mwa wadudu wote wa ukoo ule waliowahi kupewa majina hakuna aliye sawa na huyu.

Hoja hiyo hujengwa hivi. Kwanza hutafutwa wadudu wengi, madume na majike, kwa sababu mdudu mmoja anaweza kuwa kilema, au mchanga, au jike lisilofanana na dume lake. Yuko kipepeo wa Afrika aitwaye *Papilio dardanus*, ambaye dume lake lina mikia kwenye mabawa na rangi ya manjano, ilhali majike yake katika sehemu nyingi hayana mikia na huiga rangi za vipepeo wengine wenye sumu, kila kundi likiiga wake. Wataalamu wa kwanza waliwapa majike hao majina tofauti kana kwamba ni spishi mbalimbali. Pili, mdudu huwekwa chini ya hadubini, na katika koo nyingi mtaalamu hulazimika kuvitazama viungo vya uzazi vya dume, kwani madume mawili yanayofanana kama maharage ya mche mmoja yanaweza kutofautiana hapo tu. Tatu, na hapa ndipo vijana wengi wanapokata tamaa, husomwa kila andiko lililowahi kuandikwa kuhusu ukoo ule tangu mwaka 1758, kilipotoka chapisho la kumi la kitabu cha Linnaeus, mwanasayansi wa Kiswidi, ambacho majina yote ya wanyama huhesabiwa kuanzia hapo, iwe limeandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa au Kilatini.

Kisha hulinganishwa na holotaipu. Hilo ni neno la kuzoea: holotaipu ni mdudu mmoja, yule yule aliyechomwa pini na kuandikiwa lebo, ambaye mtunzi wa jina alimteua awe shahidi wa jina hilo siku zote. Mkigombana kuhusu jina, hamwendi kwenye kamusi, mnakwenda kwenye droo anamolala. Na kwa wadudu wetu, droo hiyo mara nyingi iko London, Berlin, Paris au Tervuren kule Ubelgiji, kwa sababu waliokusanya wakati wa ukoloni walikusanya kwa ajili ya kwao. Binafsi naona hicho ndicho kikwazo kikubwa kuliko ukosefu wa hadubini: mtafiti wa Dar es Salaam anayetaka kujua kama mdudu wa msitu wa Amani, Usambara, ni mpya analazimika kuomba viza.

Hizo droo zina mambo. Wengi wetu tukisikia "spishi mpya imegunduliwa" tunamwona mtu mwenye wavu akiruka msituni, na kumbe ugunduzi mwingi hufanyika ndani, mbele ya kabati. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya siku kiumbe anapokusanywa na siku anapopewa jina hupita, kwa wastani, miaka 21. Mfano wa karibu ni mbawakawa aliyechotwa pamoja na udongo na majani yaliyooza jijini Nairobi katika miaka ya 1960. Sampuli hizo zilifika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London mwaka 1978, na ni mwaka 2019 tu ndipo mtaalamu alipomwangalia vizuri, akamwona hafiki hata milimita moja, hana macho wala mabawa, akamtangaza kuwa spishi mpya na kumwita *Nelloptodes gretae* kwa heshima ya Greta Thunberg, binti wa Kiswidi anayepigania mazingira, ambaye hakuwa amezaliwa wakati mdudu huyo anatiwa kwenye chupa.

Kisa kikubwa zaidi kinatuhusu Watanzania. Karibu na mwaka 2001 mtafiti mmoja wa Kijerumani, Oliver Zompro, alikuwa akichunguza wadudu wa kale walionaswa ndani ya kaharabu ya Baltiki, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, akakutana na mmoja asiyeingia katika kundi lolote: ana kichwa na tumbo kama vya mdudu-kijiti, lakini miguu ya mbele ni ya mwindaji, karibu na vunjajungu. Alipopekua makumbusho ya Ulaya akamkuta jamaa yake aliyekusanywa Tanganyika mwaka 1950, na mwingine aliyekusanywa Namibia mwaka 1909. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye pini miongo kadhaa, wakitazamwa na watu wenye shahada. Mwaka 2002 Zompro na wenzake waliandika kwamba hao si spishi mpya tu, bali ni oda mpya nzima, yaani kundi lenye cheo sawa na mbawakawa wote kwa pamoja au vipepeo na nondo wote kwa pamoja, wakaiita Mantophasmatodea. Tangu mwaka 1914 hakukuwa na oda ya wadudu walio hai iliyoongezwa. Msafara uliokwenda mlima Brandberg nchini Namibia mwaka huo huo ukawakuta wakiwa hai, wakitembea kwa visigino huku ncha za miguu zikiwa zimenyanyuliwa juu. Yule wetu baadaye alipewa jenasi yake, yaani kundi la spishi ndugu, *Tanzaniophasma*, na maelezo yake yote yalitokana na sampuli ile moja tu.

Kwa hiyo, Mwalimu, usihuzunike ukiambiwa usubiri. Akionekana tena, mpige picha kutoka juu na kutoka ubavuni, ukiweka rula au sarafu kando yake. Andika tarehe, saa, mmea aliokuwa juu yake na vipimo vya mahali ambavyo simu inakupa. Ukiwa na mwili wake, mtie kwenye spiriti kali isiyo na rangi, kwenye kichupa chenye kifuniko kizuri, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Picha uipeleke kwenye programu ya iNaturalist, ambako wataalamu wa ukoo wa senene hupitia. Kwenye shamba lako una uhuru wa kutosha, ila ukivuka kuingia msitu wa hifadhi, kukusanya kunahitaji kibali, hata cha mdudu mmoja.

Na jina la mama yako? Kanuni za kimataifa zinaruhusu, kwa sharti kwamba anayetoa jina ni yule anayeandika na kuchapisha maelezo ya spishi, si yule aliyeiona. Kutangaza redioni au kwenye ukurasa wa Facebook hakuhesabiki. Desturi ni kwamba mwandishi muungwana humwenzi aliyempatia mdudu, kwa hiyo mwandikie mapema ombi lako. Jina la mwanamke huongezewa *-ae* mwishoni, la mwanamume *-i*: mama akiitwa Zuhura, mdudu atakuwa *zuhurae*. Kujipa jina lako mwenyewe kanuni haikukatazi, ila wenzako watakucheka mpaka ustaafu. Neno la Kiswahili au la lugha yoyote ya nyumbani pia linakubalika, kama ilivyofanyika kwa kima wa Rungwe, ambaye mwaka 2005 aliingia katika sayansi kwa jina lake la asili, *kipunji*. Alama kama ritifaa haziruhusiwi, hivyo "ng'ombe" angeandikwa *ngombe*.

*Ndugu Mhariri, nina miembe themanini hapa Mkuranga. Zamani bwana shamba alitufundisha kwamba nzi anayeharibu maembe ni spishi mpya iitwayo* Bactrocera invadens*. Sasa amekuja mwingine, anasema hakuna nzi wa jina hilo, ni* Bactrocera dorsalis*. Funza ni wale wale. Nani mkweli?*
— Mkulima, Mkuranga

Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Nzi huyu alinaswa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, pwani ya Kenya, na katika miaka michache akawa amelipitia bara zima hadi Afrika Magharibi. Wataalamu waliomchunguza walimwona ni wa kundi la nzi wa matunda wa Asia, lakini kifua chake kiliwatatiza. Ukiwapanga nzi kumi kutoka kwenye mtego mmoja utaona wenyewe: mmoja ana kifua cheusi tii, mwingine cha hudhurungi, wa tatu yuko katikati, hudhurungi yenye michirizi myeusi. *Dorsalis* waliyemjua vitabuni alikuwa na kifua cheusi. Wakapata pia nzi wa namna hiyo kutoka Sri Lanka, wakaamua ni spishi ya peke yake, na mwaka 2005 wakaiita *invadens*, yaani mvamizi, jina ambalo mkulima yeyote wa maembe angeliunga mkono.

Hoja yao ilikuwa ya haki kwa ushahidi uliokuwapo. Ila spishi, kama nilivyomwambia Mwalimu, ni hoja, na hoja hupimwa. Makumi ya watafiti kutoka nchi nyingi waliipima kwa kila njia: walipima mabawa na viungo vya uzazi, wakasoma DNA, wakalinganisha harufu ambazo madume hutoa kuita majike, na wakawafungia nzi wa Afrika na nzi wa Asia katika vizimba vimoja. Wakapandana bila ubaguzi, na watoto wao wakazaa. Mwaka 2015 ikaandikwa rasmi kwamba *invadens* na *dorsalis* ni kitu kimoja. Majina mawili yakikutana juu ya mdudu mmoja, la zamani ndilo hubaki. *Dorsalis* lilitolewa mwaka 1912, basi *invadens* likafutwa, nalo halikufutwa peke yake, kwani *papayae*, nzi wa Kusini-Mashariki mwa Asia, naye alimezwa humo humo.

Najua unajiuliza kama hili lina faida yoyote kwa miembe yako. Linayo. Mdudu akiwa "mpya", kila kinachojulikana kumhusu huanza upya: joto la kumuua ndani ya tunda, muda wa maji moto kabla ya kusafirisha, kama madume yaliyohasiwa kwa mionzi yatakubaliwa na majike. Akiwa *dorsalis*, utafiti wa miaka mingi wa Asia unakuwa wako. Kwa upande mwingine, nchi inayonunua ambayo tayari ina *dorsalis* haina tena sababu ya kuzuia embe lako kwa hofu ya nzi ambaye kwake ni mgeni wa jina tu. Mitego yako ya harufu inayovuta madume iendelee kubaki pale pale, na maembe yaliyoanguka uyafukie au uyafunge kwenye mifuko myeusi juani, kwa maana funza hutoka ndani ya tunda na kujizika ardhini kugeuka nzi.

*Mhariri, nasoma baiolojia chuoni Kisumu. Kama kila mdudu ana DNA, kwa nini tusiisome tu na kuachana na mapini, droo na majina ya Kilatini?*
— Mwanafunzi, Kisumu

Njia unayoisema ipo, na imefanya makubwa. Tangu mwaka 2003 watafiti wa Guelph nchini Kanada walipendekeza kipande kimoja cha jeni, chenye herufi zipatazo 650, kitumike kama ile mistari iliyochapwa kwenye bidhaa za dukani. Mwaka uliofuata, kwa msaada wa kipande hicho, kipepeo mmoja wa Costa Rica aliyedhaniwa kuwa spishi moja alionekana kuwa kumi. Viwavi vyake vilikuwa na rangi tofauti na kula majani tofauti, na wakubwa ndio waliofanana.

Lakini wewe uko Kisumu, kwa hiyo nitakujibu kwa mbu. *Anopheles gambiae*, mbu wa malaria aliyepewa jina mwaka 1902, alidhaniwa kwa nusu karne kuwa spishi moja. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba ukipandisha mbu wa mahali fulani na wa mahali pengine, watoto wa kiume wanazaliwa tasa, jambo lisilotokea ndani ya spishi moja. Mwanzoni ndugu hao waliitwa kwa herufi tu, A, B, C, kwa kuwa chini ya hadubini hawakutenganishika. Leo tunajua wako kadhaa: *gambiae* mwenyewe, anayependa damu ya binadamu na kulala ndani ya nyumba, *arabiensis*, ambaye huuma pia ng'ombe na kupumzika nje, *merus*, ambaye viluwiluwi vyake huishi katika maji ya chumvi ya pwani yetu, na *bwambae*, anayezaliana katika chemchemi za maji ya moto za Bwamba magharibi mwa Uganda. Mwaka 2013 wakaongezwa wengine wawili, *coluzzii* na *amharicus*. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea nyanda za Ziwa Victoria, *gambiae* walipungua sana na *arabiensis* wakawa wengi zaidi miongoni mwa waliobaki, badiliko ambalo asingeliona mtu anayewaita wote jina moja.

Sasa hapa ndipo pendekezo lako linapokwama. Kile kipande maarufu cha herufi 650 hakiwezi kuwatenganisha *gambiae* na *arabiensis* kwa uhakika, kwa sababu spishi hizi mbili zimewahi kubadilishana jeni, na kipande hicho hupita kwa mama. Maabara hutumia sehemu nyingine ya DNA kwa mbu hao. Nani aliyejua sehemu ipi itafaa? Ni wale waliokwisha kuwatenganisha kwa njia nyingine, kwa kuwapandisha vizimbani na kuhesabu michirizi ya kromosomu. Herufi za DNA huonyesha kwamba wadudu wawili wanatofautiana kiasi gani, lakini hazitamki lini tofauti hiyo inatosha kuitwa spishi, na haziwezi kurudi kwenye mwili wa mdudu kama mwili umetupwa. Nimewahi kufanya kazi katika chumba cha sampuli ambacho paa lake lilivuja masika yote, na nililazimika kutupa droo mbili za nyigu zilizoota ukungu. Baadhi yao walikuwa bado hawajapewa jina.

*Mhariri, mwanangu wa miaka kumi anajaza makopo ya wadudu: mbawakawa, buibui, tandu na jongoo. Baba yake anataka kuyatupa. Mimi nataka kujua tumsaidieje.*
— Mama, Morogoro

Mwambie baba avumilie. Buibui, tandu na jongoo awatenge katika kopo lao, kwa sababu mdudu wa sayansi ana miguu sita. Kiswahili chetu ni kikarimu zaidi: kila kinachotambaa ni mdudu, na hata zahanati mtu hupimwa damu akaambiwa ana "wadudu wawili", bila kuulizwa miguu yao.

Mbawakawa aliyekufa achomwe pini kwenye ubawa mgumu wa kulia, si katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa atakayemchunguza. Walio wadogo kuliko punje ya mchele wagundishwe kwenye ncha ya karatasi ngumu ya pembetatu, na pini ipite kwenye karatasi. Chini yake, kwenye pini hiyo hiyo, ikae lebo ndogo kama hii: *TANZANIA, Morogoro, Kihonda, 4.iii.2025, kwenye taa ya barazani*, na jina la mtoto. Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili asitokee mtu akasoma tarehe 3 mwezi wa 4. Sanduku litiwe nafthalini, na miguu ya meza iwekwe ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi wa Morogoro hawasomi lebo.